Ghala Limejaa, Sahani Haijakamilika: Vitamini na Kitendawili cha Lishe Rukwa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mkoa wa Rukwa haufahamiki kwa njaa. Udongo wa Uwanda wa Ufipa, mvua za msimu mmoja zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, pamoja na juhudi za wakulima wa Sumbawanga, Kalambo na Nkasi, vimeuweka mkoa huu miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chakula nchini. Kila msimu wa mavuno, mahindi ya Rukwa huingia katika maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na mengine husafirishwa kwenda mikoa yenye upungufu na nchi jirani. Kwa hesabu ya tani, huu ni mkoa ulioshiba.

Hata hivyo, hesabu ya tani haikubaliani na hesabu ya sentimita. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 49.8 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko kinachotarajiwa kwa umri wao. Wastani wa kitaifa katika utafiti huo ulikuwa asilimia 30. Mikoa miwili pekee iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi ni Iringa, asilimia 56.9, na Njombe, asilimia 50.4. Yote mitatu ipo Nyanda za Juu Kusini, na yote inategemewa kulilisha Taifa.

Ni kweli kwamba Rukwa imepiga hatua. Utafiti wa mwaka 2015/16 uliukuta mkoa huu ukiongoza kwa udumavu nchini, kwa asilimia 56.3. Lakini mkoa ambao karibu mtoto mmoja kati ya wawili amedumaa hauwezi kujifariji kwa kushuka huko peke yake. Swali ambalo mwananchi ana haki ya kuuliza ni hili: inawezekanaje mtoto wa mkulima mwenye magunia ya mahindi ndani ya nyumba akakosa chakula cha kumjenga?

Jibu si moja. Udumavu husababishwa na mambo mengi yanayoshikamana: maradhi ya kuhara na minyoo, maji yasiyo salama, mimba za utotoni, mama kukosa muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara, na mlo usio na protini, madini na vitamini za kutosha. Makala haya yanachambua sehemu moja ya jibu hilo ambayo mara nyingi husahaulika kwa sababu haionekani kwa macho, nayo ni vitamini: kazi zake mwilini, madhara ya kuzikosa, na namna zinavyopotea kati ya shamba na sahani ya mwananchi wa Ufipa.

Vitamini ni nini

Chakula humpa mwanadamu vitu vya aina tatu. Vipo vinavyoleta nguvu, kama wanga na mafuta. Vipo vinavyojenga mwili, yaani protini. Na vipo vinavyouwezesha mwili kuvitumia hivyo viwili vya kwanza na kujikinga na maradhi, yaani madini na vitamini. Vitamini hazileti nguvu wala hazijengi misuli, lakini bila hizo nguvu haitumiki na misuli haijengeki ipasavyo.

Sayansi inatambua vitamini 13. Nne kati ya hizo, A, D, E na K, huyeyuka katika mafuta, na mwili unaweza kuziweka akiba, hasa kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili. Tisa zilizobaki, yaani vitamini C na nane za kundi B, huyeyuka katika maji, na nyingi kati yake hazikai mwilini kwa muda mrefu. Ndiyo maana mlo mzuri wa siku ya sikukuu hauwezi kufidia mwezi mzima wa mlo wa aina moja.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 2.4 za vitamini B12 kwa siku. Gramu moja tu ingemtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 1,000. Udogo huo ndio unaowafanya wengi wadhani kuwa jambo hili ni dogo. Tumbo lenye njaa hulalamika, lakini mwili uliokosa vitamini hukaa kimya kwa miezi kadhaa kabla ya dalili kujitokeza. Wataalamu huuita upungufu huu njaa iliyofichika, na mtu anaweza kuwa nao huku akishiba kila siku.

Kinachobaki kwenye pumba

Historia ya ugunduzi wa vitamini ina somo linalomhusu moja kwa moja mlaji wa ugali. Katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakidhoofika miguu na kushindwa kusimama, kwa namna iliyofanana na ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiwaua watu. Kuku hao walipopewa mchele usiokobolewa, walipona. Kilichokosekana kilikuwa kwenye ngozi ya punje, ile ambayo kinu kilikuwa kikiitupa. Baadaye kilifahamika kuwa ni vitamini B1. Mwaka 1912, mwanasayansi Casimir Funk alivipa virutubishi vya namna hiyo jina ambalo ndilo asili ya neno vitamini tunalolitumia leo, na mwaka 1929 Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Gowland Hopkins wa Uingereza.

Mahindi nayo yana historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, maelfu ya watu maskini katika majimbo ya kusini mwa Marekani walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi inayopigwa na jua hugeuka nyeusi na kubanduka, tumbo huhara, akili huvurugika, na hatimaye mgonjwa hufa. Wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi ya kuuchunguza mwaka 1914, alionesha kuwa chanzo chake ni mlo uliotawaliwa na mahindi pasipo nyama, maziwa wala kunde za kutosha. Mwaka 1937 ilithibitika kuwa kirutubishi kilichokosekana ni niasini, yaani vitamini B3.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua kwa urahisi. Wenyeji wa Mexico, ambako zao hili lilianzia, waliyachemsha mahindi kwenye maji ya chokaa kwa karne nyingi, na utaratibu huo ndio uliowapa niasini yao. Zao liliposafirishwa kwenda mabara mengine, utaratibu wa kuliandaa haukusafiri nalo.

Katika vijiji na miji ya Rukwa, kama ilivyo kwingineko nchini, familia nyingi hupeleka mahindi mashineni kukobolewa kabla ya kusagwa. Unga unaotoka ni sembe, mweupe na laini, na kwa wengi weupe huo ni ishara ya maisha mazuri. Lakini mashine ya kukoboa huondoa ngozi na kiini cha punje, na huko ndiko ziliko sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, mafuta na madini. Pumba hupelekwa kwa kuku, nguruwe na ng'ombe. Kwa maneno mengine, mifugo hupewa virutubishi na mtoto huachiwa wanga.

Unga wa dona, unaosagwa pamoja na ngozi na kiini chake, ni bora zaidi. Hata hivyo, ni muhimu kuueleza ukweli wote. Kwanza, dona haimalizi tatizo la niasini. Mlaji wa dona bado anahitaji maharage, karanga, samaki au nyama. Pili, dona inahitaji mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa, kwa sababu punje zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo huwa nyingi zaidi kwenye ngozi na kiini. Anayechagua dona hana budi kuanza kwa kuyaanika mahindi yake juu ya turubai, kuyatunza mahali pakavu na kuziondoa punje zilizooza.

Vitamini A: macho na kinga ya mwili

Ugali wa mahindi meupe, uwe wa dona au wa sembe, hauna vitamini A ya maana. Vitamini hiyo hupatikana katika maini, mayai, maziwa na samaki, na mwili unaweza pia kuitengeneza kutokana na rangi ya njano na chungwa iliyomo kwenye karoti, maboga, viazi lishe, papai na maembe. Mboga za kijani kibichi, kama vile mchicha, majani ya maboga na kisamvu, nazo zina rangi hiyo, ingawa hufichwa na ukijani wa majani.

Kazi ya kwanza ya vitamini A ni kuliwezesha jicho kuona katika mwanga hafifu. Mtoto aliyeikosa hujikwaa jua linapozama, na hushindwa kuiona bakuli yake jioni ilhali mchana anaona vizuri. Mtoto huyo hajarogwa wala hafanyi utundu. Mwili wake unaomba msaada. Hali ikiendelea, jicho hukauka, kioo chake cha mbele hupata vidonda, na upofu unaofuata hauna tiba.

Kazi ya pili haionekani, lakini ni nzito zaidi. Vitamini A huimarisha utando laini unaofunika njia ya hewa na utumbo, ambao ndio ngome ya kwanza dhidi ya vijidudu. Mtoto mwenye upungufu huugua mara kwa mara, na akiugua huzidiwa upesi. Ushahidi mmoja mashuhuri wa jambo hili ulitoka hapa nchini. Katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida, 12 walifariki. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A, walifariki 6. Nafuu ilionekana zaidi kwa wenye umri chini ya miaka miwili. Leo, kumpa vitamini A mtoto mwenye surua ni sehemu ya matibabu yanayopendekezwa duniani kote.

Ndiyo sababu Serikali hutoa matone ya vitamini A bila malipo mara mbili kwa mwaka, mwezi Juni na Desemba, kwa watoto wote wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kipimo cha uniti 100,000, na wa miezi 12 hadi 59 hupewa uniti 200,000. Kwa kuwa vitamini hii huwekwa kwenye ini, kipimo kimoja humlinda mtoto kwa miezi kadhaa. Lakini matone ni kinga ya muda. Hayachukui nafasi ya mboga, yai na samaki katika mlo wa kila siku.

Foliki asidi, B12 na siku 28 za mwanzo

Vitamini B9, inayofahamika zaidi kama foliki asidi, inahitajika kila seli inapogawanyika. Umuhimu wake ni mkubwa kuliko wakati wowote katika siku 28 za mwanzo za ujauzito, kipindi ambacho mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga. Upungufu wakati huo huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, ambao mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa.

Ugumu wa jambo hili upo kwenye kalenda. Wanawake wengi huwa hawajatambua kuwa ni wajawazito siku hizo 28 zinapokwisha. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki humkinga mama dhidi ya upungufu wa damu na humsaidia mtoto anayekua tumboni, lakini mama anayefika kliniki mwezi wa tano amekwisha kuupita wakati wa kuuzuia mgongo wazi. Kwa hiyo foliki asidi inapaswa kuwamo katika chakula cha msichana na mwanamke kabla ya ujauzito, kupitia maharage, kunde, mboga za majani na unga ulioongezwa virutubishi.

Vitamini B12 hufanya kazi pamoja na foliki asidi katika kutengeneza damu, na pia hulinda mishipa ya fahamu. Kwa asili, haipatikani katika nafaka, mboga wala matunda. Hutoka kwenye vyakula vya wanyama pekee. Mama anayenyonyesha ambaye hagusi samaki, yai, maziwa wala nyama anaweza kumpa mtoto wake maziwa yenye upungufu wa vitamini hiyo.

Vitamini nyingine zina nafasi zake. Vitamini C hushikilia tishu za mwili, huponya vidonda na huusaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Upungufu wake mkubwa huleta kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu. Huharibiwa upesi na moto, hivyo mboga iliyochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa huwa imeipoteza sehemu kubwa. Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, huimarisha mifupa kwa kuuwezesha mwili kutumia chokaa. Upungufu wake huleta matege kwa watoto. Vitamini E hulinda seli za mwili zisiharibike, na mafuta ya alizeti yana utajiri wake. Vitamini K husaidia damu kuganda.

Kwa nini Ufipa

Ukitazama orodha ya vyakula vilivyotajwa hapo juu, utabaini kuwa karibu vyote vinapatikana Rukwa. Maharage, alizeti na karanga hulimwa uwandani. Mpunga hulimwa katika Bonde la Ziwa Rukwa. Dagaa na migebuka huvuliwa Ziwa Tanganyika na kuuzwa kutoka Kirando, Kabwe na Kasanga. Dagaa huliwa wazima, na kichwa na mifupa yake, hivyo humpa mlaji vitamini A, D na B12 pamoja na madini ya chokaa kwa mpigo mmoja. Tatizo la Rukwa, kwa hiyo, si kukosekana kwa chakula chenye vitamini. Tatizo ni kwamba chakula hicho hakifiki kwenye bakuli la mtoto kwa kiasi na kwa wakati unaotakiwa.

Sababu ya kwanza ni mabadiliko ya kilimo. Kabla ya mahindi kuenea, nafaka kuu ya Wafipa ilikuwa ulezi, uliolimwa kwa kupishana na maharage katika mashamba yenye matuta ya nyasi zilizofukiwa ili ziwe mbolea. Ulezi husagwa mzima na una chokaa nyingi kuliko mahindi. Mahindi yaliongeza mavuno na kipato, na hakuna anayeshauri yaachwe. Lakini yalipotwaa shamba yalitwaa pia sahani, na ulezi ukabaki zaidi kwenye uji na pombe.

Sababu ya pili ni soko. Maharage, karanga, mayai na kuku ni fedha ya haraka kwa kaya inayohitaji kulipia mbolea, matibabu na mahitaji ya shule. Kaya huuza chenye virutubishi na kubaki na chenye kushibisha. Mkulima anayefanya hivyo si mjinga. Anafanya hesabu kwa taarifa alizonazo. Anachohitaji ni kuoneshwa gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya mnunuzi: safari za hospitali, na mtoto anayechelewa kukua na kujifunza.

Sababu ya tatu ni msimu na kazi. Mvua zinapoanza, mboga za majani huwa tele, lakini ndicho kipindi ambacho mama yupo shambani tangu alfajiri. Mtoto wa miezi minane huachwa na ndugu yake, na hupewa uji mwembamba wa mahindi mara moja au mbili kwa siku. Kiangazi kikifika muda hupatikana, lakini mboga huadimika. Familia nyingi huhifadhi mboga kwa kuzikausha, na ni utaratibu mzuri. Ila zikianikwa kwenye jua kali, rangi inayotengeneza vitamini A huharibika. Zikaushwe kivulini, mahali penye hewa ya kutosha na zikifunikwa kuzuia vumbi.

Hatua za Serikali na pengo lililobaki

Tanzania ilianza mapema kulishughulikia jambo hili. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 1973. Utekelezaji umekuwa ukiongozwa na Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe, ambao awamu yake ya pili inahusu kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Wakuu wa mikoa husaini mikataba ya lishe inayopimwa kwa viashiria, na Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alishuhudia utiaji saini wa mikataba hiyo jijini Dodoma. Kila halmashauri inatakiwa kutenga na kutoa shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano. Katika vijiji, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huwakutanisha wazazi na wataalamu kwa ajili ya kupima ukuaji wa watoto na kufundishana mapishi.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka msingi wa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula yanayozalishwa viwandani, na mpango wa kitaifa ukazinduliwa mwaka 2013. Unga huongezwa madini chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, na mafuta huongezwa vitamini A.

Hapa ndipo penye pengo ambalo mwananchi wa Ufipa anapaswa kulielewa. Urutubishaji huo humfikia zaidi anayenunua unga na mafuta ya viwanda vikubwa. Mkulima wa Laela, Matai au Namanyere anayelima mahindi yake, kuyasaga katika mashine ya kijijini na kukamua alizeti yake mwenyewe, hafikiwi kwa urahisi na mpango huo. Kujitosheleza kwake kwa chakula, ambako ni fahari yake, ndiko kunakomweka nje ya kinga hiyo. Ni muhimu, basi, mashine ndogo ziwezeshwe kuchanganya virutubishi kwa vipimo sahihi, na mbegu zenye virutubishi asilia, kama vile maharage lishe, viazi lishe na mahindi ya rangi ya chungwa, zimfikie mkulima kama inavyomfikia mbolea.

Fedha nazo zinahitaji macho ya wananchi. Shilingi 1,000 kwa mtoto ni kiasi kidogo, na thamani yake hutegemea kutolewa kwa wakati na kutumika kwa kazi iliyokusudiwa. Mwananchi anayo haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji au kupitia diwani wake: halmashauri yetu ilitenga kiasi gani kwa lishe, ilitoa kiasi gani, na kilifanya nini?

Kinachowezekana nyumbani

Mwongozo wa kitaifa unamtaka kila mtu ale kutoka makundi sita ya chakula: nafaka, ndizi na mizizi, mboga, matunda, kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, na mafuta salama. Kwa kaya ya Rukwa, hilo halihitaji duka la dawa wala chakula cha kuagiza kutoka mbali.

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito, na uchanganywe na karanga zilizosagwa au unga wa dagaa. Mboga ikatwe baada ya kuoshwa, ipikwe kwa muda mfupi, na iongezwe kijiko cha mafuta ya alizeti, kwa kuwa vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Maharage yaambatane na tunda au kachumbari yenye limao. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia madini chuma kufyonzwa. Kabla ya kuuza mavuno, kaya itenge debe la maharage na la karanga la kuliwa nyumbani, kama inavyotenga mbegu ya msimu ujao.

Baba ana nafasi yake. Mara nyingi yeye ndiye mwamuzi wa kiasi kinachouzwa na matumizi ya fedha inayopatikana. Elimu ya lishe inayotolewa kliniki kwa mama peke yake humfikia anayepika, lakini humkosa anayeamua kitakachopikwa. Mikutano ya vijiji, vyama vya ushirika vya msingi na nyumba za ibada ni mahali pa kuwafikia akina baba.

Tahadhari moja ni ya lazima. Vitamini si kitu cha kumeza ovyo. Vitamini A ikizidi ni sumu kwa mwili, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge na matone vitumike kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika lishe, ubichi huo una hesabu yake: ni siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kimo kilichopotea katika siku hizo ni vigumu sana kurudishwa baadaye, hata ghala lijae kiasi gani. Mzazi mwenye mtoto wa miezi 6 hadi 59 anakumbushwa kumfikisha katika kituo cha afya kilicho karibu kila mwezi Juni na Desemba, akiwa na kadi yake ya kliniki, kupata matone ya vitamini A. Na mwanamke anayehisi kuwa ni mjamzito ahudhurie kliniki mapema, kabla ya wiki 12 kutimia. Huduma hizi zinatolewa bila malipo katika vituo vya Serikali.